Giaboksi gani imo kwenye Land Rover yako ya zamani?

Land Rover iliyokwisha kutumika miaka thelathini huwa imebadilishiwa vitu vingi, na giaboksi haikosekani. Injini ya dizeli ikitolewa kwenye Discovery iliyopinduka, mara nyingi huja na giaboksi yake ikining'inia nyuma. LT77, giaboksi ya zamani ya gia tano, ikichoka, wengi huweka R380 iliyoirithi badala ya kuifufua. Hivyo mwaka ulioandikwa kwenye kadi unaeleza gari lilivyotoka kiwandani. Kilichomo leo ni habari nyingine, na unaponunua sinkro (pete zinazolinganisha mizunguko ili gia iingie bila kulia), beringi, gasketi au oili, unanunulia kilichomo leo.

Mengi utayajua ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva, hata kabla ya kulala chini ya gari. Ila usianze na kitasa cha gia. Mchoro wa gia juu ya kitasa ni alama rahisi kuliko zote kusoma, na ndiyo inayodanganya kuliko zote, kwa kuwa kitasa hufunguka kwa mkono na hubadilishwa kwa sababu ya urembo tu. Weka mkono kwenye liva, kanyaga klachi, injini ikiwa imezimwa, uzitafute gia mwenyewe moja baada ya nyingine.

Hesabu liva, kisha hesabu gia

Liva tatu sakafuni, yaani ndefu ya gia, fupi yenye kitasa cha njano na nyingine yenye kitasa chekundu, ni giaboksi ya familia ya Series: Series I, II, IIA au III. Ya njano hukandamizwa chini ili gari livute kwa magurudumu manne katika gia za juu. Nyekundu huvutwa nyuma kuingia gia za nguvu, na ukifanya hivyo magurudumu ya mbele huunganishwa yenyewe na ile ya njano huruka juu. Rangi za vitasa zikiwa zimepotea, mwendo huo wa liva mbili bado utakuambia. Kwenye Series I za mwanzo kabisa, za 1948 hadi 1950, hutaikuta ya njano: hizo huvuta kwa magurudumu manne muda wote kupitia kifaa cha kujiachia, na sakafuni kuna pete ya kuvuta ili kukifunga.

Ukikuta liva ya nne, ndogo, usidhani ni giaboksi ya ajabu. Karibu kila mara ni ovadraivu (gia ya ziada ya kasi) ya Fairey au ya kampuni nyingine, iliyofungwa nyuma ya transfa, yaani boksi inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Giaboksi yenyewe inabaki ileile ya gia nne.

Liva mbili ni zama za baadaye. Moja ni ya gia, nyingine ni ya transfa, na hiyo ya pili ukiisogeza mbele na nyuma inabadili kati ya gia za juu na za nguvu, ukiisukuma kushoto inafunga difu ya katikati, ile inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Hiyo ni transfa ya LT230, iliyoanza 1983. Mbele yake panaweza kuwa na LT77, LT85, R380 au, kwenye Defender za kuanzia 2007, MT82.

Sasa hesabu gia. Sita: ni MT82, ile ya Ford, na kazi yako imekwisha. Nne pamoja na gari linalovuta kwa magurudumu yote muda wote: tafuta LT95. Tano: hapo ndipo penye kazi.

Rivasi iko wapi?

Kwa giaboksi za gia tano, swali hili moja linamaliza ubishi mwingi.

Kwenye LT77, rivasi iko kushoto kabisa na mbele, kando ya gia ya kwanza. Unasukuma liva kushoto kupita ukinzani wa springi, kisha mbele. Gia ya tano iko kulia mbele, na chini yake hapana kitu.

Kwenye R380, rivasi iko kulia kabisa na nyuma, chini ya gia ya tano. Upande wa kushoto wa gia ya kwanza liva inagonga ukuta.

Ukitaka kuthibitisha, washa injini, gari likiwa limesimama kabisa na breki imekanyagwa. Kanyaga klachi hadi mwisho na uingize rivasi mara moja bila kusubiri. LT77 haina sinkro kwenye rivasi, kwa hiyo meno yatalia kama shafti bado inazunguka. R380 ina sinkro kwenye rivasi na huingia kimya. Jaribio hili lina kasoro moja: klachi isiyoachia vizuri hufanya hata R380 ilie, na LT77 ukiipa sekunde tatu za kutulia huingia bila neno. Ndiyo maana mahali ilipo rivasi ndipo pa kutegemea, mlio ni wa kuongezea tu.

Majina yenyewe yana maana, na kuyajua kunasaidia kutoyachanganya. LT ni Leyland Transmission, na 77 ni milimita kati ya shafti kuu na shafti ya pembeni. R380 ni Rover, na 380 ni nguvu ya kuzungusha, kwa Nm, ambayo ilikusudiwa kuibeba. Kwa hiyo anayekuambia 380 ni toleo la 380 la LT77 anabahatisha.

Kwenye Land Rover, LT77 ilianza na One Ten za silinda nne mwaka 1983, ikafuata Range Rover, Ninety, halafu Discovery ya kwanza. One Ten na Ninety ndizo zilizokuja kuitwa Defender. R380 ilichukua nafasi yake 1994, wakati mmoja na injini ya 300Tdi, ikaendelea kwenye injini ya Td5 hadi MT82 ilipoingia 2007. Kati yao ipo LT77S, toleo lililoboreshwa la kuanzia karibu 1991, lenye sinkro za koni mbili kwenye gia ya kwanza na ya pili. Rivasi ya LT77S iko palepale kushoto mbele, hivyo kwa mkono huwezi kuitofautisha na LT77 ya kawaida. Sinkro zake lakini si zilezile. Hapa sasa lazima ulale chini.

Namba iliyogongwa

Kabla ya kuingia chini, weka gari kwenye ardhi ngumu na sawa, zuia matairi kwa kabari mbele na nyuma. Usitegemee handibreki peke yake. Kwenye Land Rover hizi handibreki haishiki magurudumu. Inashika ngoma iliyo nyuma ya transfa, na ukilegeza propela ya nyuma (shafti inayopeleka mzunguko kwenye magurudumu) au gurudumu moja la nyuma likiinuka, gari linaweza kuondoka. Ukiinua kwa jeki, weka stendi chini ya chesisi kabla ya kupitisha kichwa.

Kwenye LT77 na R380 tafuta namba upande wa kulia, chini ya kasha la giaboksi, juu ya kipande kidogo bapa kilichoachwa makusudi wakati wa kusubu. Kulia ni kulia kwa mtu aliyekaa ndani akitazama mbele. Ukiwa umelala chali chini ya gari, kichwa kikiwa mbele, kulia na kushoto hukuchanganya haraka. Weka alama ya chaki kwenye chesisi kabla hujaingia.

Sehemu hiyo huwa imefunikwa na tope lililolowa oili likakauka. Kwangua kwa kipande cha mti au plastiki, si kwa bisibisi, maana alumini ni laini na mkwaruzo mmoja unaweza kufuta tarakimu. Osha kwa mafuta ya taa na brashi, futa, acha pakauke. Kisha sugua chaki nyeupe kwa ubapa na ufute kwa kiganja: chaki inabaki ndani ya mashimo ya namba. Mulika tochi kutoka pembeni, karibu ilale kwenye kasha, halafu piga picha. Picha hiyo utaikuza baadaye ukiwa umekaa kwa raha, na ndiyo utakayomwonyesha muuza spea.

Kuna namba za aina mbili, na kuzichanganya ni kosa la kila siku. Namba zilizovimba, zilizoota pamoja na kasha, ni za kusubu. Zinataja kasha tu, na kasha moja liliweza kutumika kwa matoleo kadhaa. Namba zilizodidimia, zilizogongwa kwa nyundo, mara nyingi haziko kwenye mstari ulionyooka, ndizo za giaboksi. Huanza na tarakimu mbili na herufi, hufuata mfululizo wa tarakimu, na mwishoni kuna herufi moja peke yake. Herufi hiyo ya mwisho ndiyo toleo. Kwenye LT77, G na H ni za LT77S. Herufi za kabla yake ni za matoleo ya awali. R380 zina J, K au L. Andika namba yote, mwanzo hadi herufi ya mwisho. Anayekuuzia sinkro bila kuuliza herufi hiyo anakisia kwa hela zako.

Ukikuta mahali pa namba pamesuguliwa kwa grainda, au hapana kitu kabisa, kasha limebadilishwa au kuna mtu hakutaka lisomeke. Kwa vyovyote, karatasi za gari hazitakusaidia tena. Rudi kwenye liva na kwenye hesabu ya mizunguko iliyo hapo chini.

Namba ya chesisi nayo ina neno la kusema, ingawa ni la kiwandani. Kwenye namba za herufi na tarakimu 17 zinazoanza na SALLD, tazama nafasi ya tisa. 7 ni usukani wa kulia na gia tano za mkono. 8 ni usukani wa kushoto na gia tano. 1 na 2 ni gia nne, kulia na kushoto kwa mpangilio huohuo. Ukikuta 1 kwenye One Ten ambayo sasa ina gia tano, unajua giaboksi imebadilishwa, na pengine mabano ya chesisi na propela pia.

Series: IIA au III?

Makasha ya Series yanafanana, na giaboksi za Series III zimeingizwa kwenye IIA nyingi mno, kwa sababu nzuri. Kwenye Series II na IIA, gia ya tatu na ya nne tu ndizo zenye sinkro. Series III, iliyoanza 1971, ina sinkro kwenye gia zote nne za mbele. Endesha polepole mahali patupu katika gia ya pili, mwendo wa mtu anayekimbia, kisha rudisha gia ya kwanza bila kupiga klachi mara mbili. Ikiingia bila kulia ni ya Series III. Ikilia, acha papo hapo; ama ni ya IIA, ama ni ya III ambayo sinkro yake imekwisha.

Alama isiyochakaa iko kwenye klachi. Tazama silinda ndogo ya klachi karibu na nyumba ya klachi. Kwenye II na IIA silinda imekaa kwenye bano lake na inasukuma mkono wa nje, ambao unazungusha shafti inayoingia ubavuni. Kwenye Series III silinda imefungwa moja kwa moja kwenye nyumba ya klachi na kijiti chake kinaingia ndani. Usisahau tu kwamba fundi anaweza kuwa ameacha nyumba ya zamani akabadilisha kilicho nyuma yake. Series ina uzuri huu: sakafu zinafunguka, na ukiondoa bolti zake unaliona kasha lote kutoka juu bila kulala chini.

Zile zisizoonekana mara kwa mara

LT95 ni rahisi ukishaiona. Giaboksi na transfa viko ndani ya kasha moja, hakuna mahali ambapo kimoja kinafunguka na kuondoka peke yake kama LT230. Ina gia nne na gia ya kwanza nzito ya 4.069. Ilikuwa kwenye Range Rover kuanzia 1970, kwenye 101 Forward Control, kwenye Stage 1 V8 na One Ten V8 za mwanzo. Kufunga difu ya katikati hutumia vakyumu, kwa hiyo fuata mpira mwembamba unaotoka kwenye injini hadi kwenye kasha. Mpira huo ukipasuka, difu haifungi, na watu hulaumu giaboksi bure.

LT85 ni ya gia tano, ilitengenezwa na Santana huko Hispania na kuwekwa kwenye Ninety na One Ten za V8 kuanzia 1985. Gari la V8 la miaka hiyo lenye gia tano ni mtuhumiwa wa kwanza. Likishabadilishiwa injini, lakini, V8 si ushahidi tena; soma namba.

Kuhesabu mizunguko

Pale namba imefutika na mtu anabishia kila alama, hesabu haibishiwi. Ni kazi ya saa moja, na pia ndiyo njia ya kujua transfa ina uwiano gani, jambo ambalo hubadilika mara kwa mara kuliko giaboksi yenyewe.

Zuia matairi yote manne kwa kabari. Fungua propela ya mbele na ya nyuma upande wa transfa. Nati zake ni za inchi, spana ya 9/16, na kila propela ina nne. Weka alama kwenye flanji ili zirudi zilivyokuwa. Zifunge propela pembeni kwa waya zisining'inie. Achia handibreki, kwa sababu sasa inashika kile unachotaka kizunguke. Toa waya wa betri. Toa hita plagi, au plagi za moto kama ni petroli, ili injini izunguke kwa mkono bila kugombana na mgandamizo. Weka transfa kwenye gia za juu na ufunge difu ya katikati. Huenda ukahitaji kuzungusha kidogo ndipo ishike. Usipoifunga, flanji moja itazunguka na nyingine itasimama, na hesabu yote itakuwa ya uongo.

Chora alama kwenye puli ya injini na kwenye flanji ya nyuma. Ingiza gia ya nne, ambayo kwenye giaboksi hizi za gia nne na tano ni moja kwa moja, yaani mzunguko mmoja kwa mmoja. Zungusha injini kwa spana hadi flanji ikamilishe mizunguko kumi. Puli ikiwa imezunguka takriban mara 14.1, transfa ni ya 1.411, ya kawaida ya Defender. Mara 12.2 ni 1.222, ya Discovery au Range Rover. Mara 16.7 ni 1.667, ya One Ten za silinda nne za mwanzo. Mtu anayelalamika kwamba Defender yake haina nguvu mlimani baada ya kufunga giaboksi iliyotoka Discovery, mara nyingi tatizo lake ni hiyo 12.2.

Sasa ingiza gia ya tano, rudia mizunguko kumi, kisha gawanya jibu la gia ya tano kwa jibu la gia ya nne. Transfa inajifuta yenyewe kwenye hesabu hiyo. Ukipata karibu 0.77, ni R380 au LT77 ya baadaye. Ukipata karibu 0.83, ni LT77 ya zamani ya Ninety na One Ten za silinda nne. Tofauti ni kama mzunguko mzima wa puli kwa kila kumi za flanji, kwa hiyo hata alama ya chaki iliyopinda haitakupoteza. Anza kuhesabu baada ya kuvuta ulegevu wote kwenye meno, la sivyo robo ya mzunguko wa kwanza ni hewa.

Flanji zikiwa wazi hivyo, fanya jambo moja zaidi. Rudisha gia ya nne, mwenzio ashike puli, na uitikise flanji mbele na nyuma kwa mkono. Mlio wa kugonga unaotoka pale giaboksi inapokutana na transfa mara nyingi ni meno ya mwisho wa shafti kuu na ya gia ya kuingilia ya transfa, yaliyolika kwa kukosa oili. LT77 na R380 zote huugua hivyo. Tiba ni gia ya kuingilia iliyotobolewa njia za oili, lakini shafti ikiwa imeshalika nayo, gia mpya itakufa haraka.

Oili itakayofuata

Sababu kubwa ya kujua jina la giaboksi ni plagi utakayoifungua wiki ijayo. Series hutumia EP90, oili nzito ya gia, lita 1.5 hivi kwenye giaboksi na lita 2.5 kwenye transfa, maana kila moja ina oili yake. LT77 hutumia oili ya giaboksi otomatiki, ATF, takriban lita 2.2. R380 iliandikiwa MTF94, oili nyepesi ya giaboksi za mkono, takriban lita 2.67. LT230 iliyo nyuma yao inataka EP, kama lita 2.3.

Kosa linaloua LT77 nyingi ni kumiminiwa EP90 kwa sababu "ni Land Rover". Oili hiyo nzito haikatwi na pete za sinkro, gia ya pili inakataa asubuhi hadi injini ipate joto, dereva anailazimisha, na baada ya muda sinkro imekwisha kweli. Oili ikitoka nzito na yenye harufu kali kama ya kiberiti kwenye LT77, usikimbilie kufungua giaboksi. Imwage, weka ATF, tembea kilomita mia kadhaa, uimwage tena ikiwa imebeba mabaki ya ile ya kwanza, ndipo uamue.

Oili nyekundu ikitoka kwenye transfa wakati hukuiweka humo, sili kati ya giaboksi na transfa imepasuka na giaboksi inajimwaga nyuma. Pima giaboksi siku hiyohiyo. Na kila unapomwaga, fungua kwanza plagi ya kujazia: ikikataa kufunguka baada ya oili kutoka, gari haliendi popote.